Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Katika mahakama ya Jaji Haddix, inayosikiliza kesi za wagonjwa wa akili kila Alhamisi, mtu hujua hali yake kabla ya kuulizwa. Wanaofanya vizuri huitwa kwanza, wakapigiwa makofi, wakaenda zao kazini. Wenye matatizo huachwa mwisho, na kadiri orodha inavyopungua ndivyo askari mwenye pingu anavyosogea mlangoni. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, lakini wagonjwa wote wa Alhamisi waliijua.

Alhamisi hiyo karatasi iliyobandikwa mlangoni ilianza na jina la Denver Stamper.

"Umeona?" Denver alimgusa dada yake kwa kiwiko. "Wa kwanza tena. Watanijengea sanamu hapo nje, karibu na ule mzinga wa kale wa vita."

"Na ndevu hizo? Njiwa watahamia," Lorene alisema, akashangaa kwamba sauti yake ilitoka.

Ndani ya mkoba wake mlikuwa na kopo la kahawa. Asubuhi ile kitasa cha mlango wa jikoni kililegea, akaenda kwenye karakana ya mdogo wake kutafuta skrubu. Alipolimimina mezani kopo hilo la skrubu, vikatoka na vidonge. Alivihesabu mara mbili. Kumi na tisa. Nje Denver alikuwa tayari ndani ya gari, anapiga honi wasichelewe, basi akarudisha vyote koponi na kulitia mkobani.

Kwa miezi kumi Denver alipaswa kumeza kidonge kila jioni baada ya chakula, na Lorene alitakiwa amtazame, amwangalie mdomoni, kisha atie saini kwenye fomu. Miezi ya mwanzo alimwangalia mpaka chini ya ulimi. Halafu wakazoeana. Siku hizi alikuwa akitia saini za wiki nzima kwa mkupuo, Jumatano usiku, huku maharage yakichemka. Saini kumi na tisa za uongo zilikuwa zake mwenyewe.

Wiki mbili zilibaki. Denver akimaliza mpango huu wa matibabu wa mahakama, mashtaka yanafutwa. Akifukuzwa, lile kosa alilokwisha kulikiri linamrudia: miaka sita gerezani. Lorene alilijua hilo. Alijua pia kwamba mwaka juzi mdogo wake aliacha dawa vivyo hivyo, kimya kimya, na katika wiki ya tatu akavunja mlango wa jirani yao Burl kwa shoka, akitafuta waya aliosema unamsikiliza. Hilo ndilo kosa lenyewe. Burl aliokoka kwa kuruka dirishani, na mguu wake haujapona mpaka leo.

Na hii ilikuwa wiki ya tatu. Njiani Denver alikuwa ameifunga redio ya gari kwa taulo. "Inapiga kelele," alisema. Redio ilikuwa imezimwa.

"Denver Stamper!"

Jaji Haddix, mwanamke mfupi aliyevaa sweta juu ya joho, alitabasamu. "Nasikia karakana imefunguliwa tena."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Natengeneza mashine ya kukatia nyasi ya Burl."

Watu walinong'ona kwa furaha. Kisa cha Burl kilijulikana. Jaji akasukuma mbele bakuli la zawadi, Denver akatia mkono na kutoa chokoleti. Makofi yakapigwa. Odell, afisa aliyemsimamia, alipiga kwa nguvu kuliko wote.

"Na wewe, Lorene," jaji aliuliza, kama alivyouliza kila wiki, "nyumbani kukoje?"

Kila wiki alijibu, "Salama, Mheshimiwa." Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kisha akamwona Denver. Hakuwa akimtazama jaji wala dada yake. Alikuwa akikitazama kipaza sauti, ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango wa chumba kingine.

Lorene alifungua mkoba, akaliweka kopo mezani.

"Si salama," alisema. "Hajameza kwa siku kumi na tisa. Na mimi niliweka saini bila kutazama."

"Dada." Denver aligeuka polepole. "Dada, umefanya nini?"

Makofi yalikuwa yamekwisha, lakini mtu mmoja nyuma, ambaye hakuwa amesikia, alipiga tena mara mbili, akaacha.

Jaji alichungulia ndani ya kopo. "Denver, jina lako linakwenda mwisho. Kaa kwenye viti vya pembeni."

Walikuwa na watu kumi na wanne mbele yao. Askari alisogea hatua moja mlangoni. Jina la sita lilipoitwa, Denver akainuka.

"Naenda chooni."

"Ngoja kidogo, kaka," askari alisema kwa upole, na mkono wake ukashuka kiunoni.

Denver hakukaa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Lorene aliacha kiti chake bila kuomba ruhusa, akaenda kuketi kando ya kiti cha mdogo wake. Askari aliona, akatazama dirishani.

"Kaa, Denver. Ukitoka kwenye mlango ule wanaandika hati ya kukukamata. Hakuna atakayeweza kukusaidia tena, hata mimi," Lorene alisema.

Alikaa, nusu tu. "Burl ndiye aliyekutuma?"

"Burl yuko kwake na mguu wake mbovu, anasubiri mashine yake ya nyasi."

"Ndiyo nasema! Nje kuna theluji mpaka magotini. Nani anakata nyasi Februari?" Alimkaribia sikioni. "Kaileta kwangu ya nini?"

Swali lenyewe lilikuwa na akili, na hilo ndilo lililomtisha Lorene.

"Kaileta," alisema, "kwa sababu hajui namna nyingine ya kukuambia yamekwisha. Unamjua Burl. Mdomo wake umefungwa kwa misumari."

Kitu kama kicheko kilipita puani mwa Denver, kikapotea. Lakini mgongo wake ukagusa kiti. Kuanzia hapo Lorene alihesabu majina yaliyobaki, moja baada ya jingine, mpaka chumba kikabaki na wao, jaji, karani, Odell na askari.

"Kwa nini uliacha?" jaji aliuliza.

Denver alinyoosha mikono yote miwili mbele yake. Ilikuwa imetulia. "Nikimeza, inatetemeka. Siwezi kushika skrubu ndogo. Nilidondosha moja mara thelathini, Mheshimiwa. Mara thelathini. Mtu mzima nimelala chini kwenye vumbi, natafuta skrubu."

"Ulimwambia daktari?"

"Nilimwambia. Alisema naendelea vizuri."

Odell aliinamisha kichwa, akaandika kitu.

"Sikiliza," jaji alisema. "Nje kuna magari mawili. Moja la hospitali: utalala huko, watabadilisha dawa, safari hii ya sindano, na mpango wako utaongezwa miezi mitatu. La pili ni la jela. Siwezi kukurudisha nyumbani leo, karibu na Burl. Lorene, kuanzia leo fomu zako namkabidhi muuguzi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Denver alikitazama kipaza sauti. Kisha alitembea mpaka mezani, akairudisha ile chokoleti bakulini.

"La hospitali," alisema. "Lakini waizime redio yao."

"Itazimwa," alisema jaji.

Mlangoni alisimama mbele ya Lorene bila kumkumbatia. Alitoa ufunguo wa karakana mfukoni, akamwekea kiganjani kama mtu anayelipa faini.

"Umeniuza, dada."

"Ndiyo."

"Basi wewe ndiye utakayemwambia Burl kwamba mashine yake haijakwisha. Iko wazi mezani. Skrubu zake zimo ndani ya lile kopo, zile fupi. Usizichanganye na nyingine."

"Sitazichanganya."

"Na usimwachie aimalizie mwenyewe. Ataiharibu."

Akaenda, askari upande mmoja, Odell upande wa pili, bila pingu. Karani alikuwa ametoa vidonge na kuvifunga kwenye mfuko. Kopo likarudishwa kwa Lorene na skrubu zake. Lorene aliendesha gari mpaka nyumbani akiwa amelibana kati ya mapaja lisipinduke, na redio iliyoko mbele yake aliiacha na taulo lake.