Miji Miwili Kifuani

Vuta pumzi, inasema sauti ndani ya mashine, nami navuta. Ishikilie, inasema, nami naishikilia, nimelala chali juu ya kitanda chembamba, mikono nimeiweka juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa, na ile pete kubwa nyeupe inazunguka kunitazama mapafu. Nangoja iniambie niiachie pumzi, haisemi. Mwanangu Mwajabu yuko nje ya mlango amekumbatia mkoba wangu, na leo ndiyo leo, maana picha hii pamoja na maswali ya Daktari Semboja ndivyo vitakavyoamua kama nitaingizwa katika utafiti wa dawa mpya ya saratani ya mapafu, ile iliyokwisha kusambaa, kama hii yangu. Dawa ya kwanza ilinifaa kwa muda, kisha ikanigomea. Kwa hiyo nimejipamba, nimevaa kanga mpya na kupaka wanja, na nimeapa moyoni kutotaja maumivu ya kichwa yanayoniamsha kila alfajiri, kwa sababu mwanamke mmoja pale kwenye benchi kaninong'oneza kwamba ukitaja kichwa tu, dada, umetolewa. Nitolewe mimi Mwanakombo, mpishi wa harusi wa Tanga nzima, nigeuzwe mlangoni pa shughuli? Thubutu! Naishikilia pumzi. Kitanda kinasogea, kinasogea tena, pete inanipita kifuani, inanipita usoni, na ninapogeuza shingo nimesimama barabarani kwa miguu yangu mwenyewe, bado sijatoa pumzi, wala siihitaji.

Barabara ni laini na yenye joto, na upepo unakuja kisha unarudi, unakuja kisha unarudi. Nakwenda mbele nayo inagawanyika mbili, nachagua moja na hiyo nayo inagawanyika, na kila njia ni nyembamba kuliko iliyoizaa, hadi zinakuwa kama nyuzi, na mwisho wa kila uzi pana chumba kidogo cha duara chenye taa yake, na vyumba hivyo havina idadi, vyote vinavimba pamoja, vyote vinanywea pamoja. Subhanallah. Sina neno jingine. Maisha yangu yote nimeinama juu ya masufuria ya watu, moshi wa kuni ukiniingia puani, na sikujua kwamba chini ya kanga nimebeba mji mzima. Mji gani, miji miwili, maana ng'ambo nauona mwingine unaotazamana na huu kama mtu na kioo chake, ila kioo chenyewe kina walakini: mji wa kulia una mitaa mitatu na wa kushoto una miwili, kwa kuwa huko kushoto wamemwachia nafasi mpiga ngoma, naye anapiga, anapiga, hajapumzika hata kidogo tangu nizaliwe, wala hajapata kuniomba maji. Nalia kwa mshangao. Natamani nimpelekee sahani ya pilau.

Juu kabisa mwa mji wa kulia taa zimefifia, nami napanda huko, na huko nakuta shughuli ambayo sikualikwa wala sikuipika. Ukumbi umejaa wageni waliokaa mkao wa kula, hawashibi, hawaondoki, na kila nikipepesa macho wameongezeka. Jikoni kwangu wadoezi nimewafukuza wengi kwa upawa, lakini hawa wana sura za nyumbani kwetu, sura za mashangazi na binamu, ndiyo maana walinzi wa mji wanawapita bila kuwauliza. Wengine wamekwisha vuka, nawaona kwa mbali wakitandika mikeka katika mji wa kushoto. Pembeni ya ukumbi pana mlango mdogo, na mbele yake amesimama mtu mwenye vazi jeupe, na pale panapostahili uso pametanda kitu laini kama utandu wa maziwa. Natafuta mlango wa dawa mpya, namwambia. Ndio huu, anasema. Ndani kuna nini? Hakuna ajuaye, ndiyo maana ukawekwa. Huenda ni shibe, huenda ni sufuria tupu, huenda chumvi imezidi, lazima kwanza pawe na mwonjaji. Kuonja ndiyo kazi yangu, nasema, sasa nani anaingia? Anacheka bila mdomo. Anaingia aliye mgonjwa hasa, naye awe mzima kiasi cha kuja kwa miguu yake. Anaingia aliyefunguliwa mlango wa kwanza, kisha ukafungwa akiwa bado ana njaa. Anaingia ambaye ini lake na figo zake bado zinaosha vyombo baada ya karamu. Anaingia kwa hiari, na akitaka kutoka atatoka, hata tonge likiwa mkononi, na hatanuniwa. Yote hayo ni mimi, nasema, hebu nipishe nipite. Limebaki moja, anasema. Kitendawili!

Tega, najibu, maana ulimi umezoea.

Kila mtu huniuliza, kila mtu hunijibu, na jibu ni lile lile hata nyumba ikiungua. Nawaza. Mwangwi? Sio. Adhana? Sio, na tena astaghfirullah. Basi nipe mji, anasema. Nampa Pangani, kama tulivyokuwa tukipeana miji utotoni barazani, ukishindwa unampa mwenzio mji atambe nao kisha akupe jibu. Pangani si yako, anasema, nipe mji wako. Ananyoosha kidole, na katika ule mtaa wa juu taa zinaanza kuzimika chumba baada ya chumba, na hapo naogopa kweli, naogopa kuliko siku niliyosomewa majibu. Ngoja, nasema, ngoja kwanza! Anateremsha kidole. U hali gani, Bi Mwanakombo? Njema, alhamdulillahi, najibu, na papo hapo nimesimama tena mwanzo wa barabara. Napanda upya, njia zinagawanyika, taa zinavimba na kunywea, ngoma inapigwa, nafika mlangoni. U hali gani? Njema. Mwanzo wa barabara. Safari hii nakaa chini, najicheka, kwa sababu jibu la kitendawili limo kinywani mwangu siku zote. Ndivyo tulivyolelewa. Hata matangani, maiti ikiwa ndani, mfiwa akiulizwa hali husema njema, kisha ndipo anaongeza, ila tumefiwa. Ukweli wetu huja baada ya ila, na mimi mbele ya madaktari sijapata kufika kwenye ila hata mara moja.

Napanda. U hali gani? Njema, nasema, ila, na miguu yangu inabaki pale pale. Ila kichwa kinaniuma kila alfajiri. Ila juzi nilichambua mchele nusu ya sinia nikaiacha nusu nyingine, kwa kuwa sikuiona. Ila nikipanda ngazi nasimama njiani nikijidai natafuta ufunguo. Ila nataka kuishi, na naogopa utanirudisha. Yule mtu anainama karibu, ule utandu unajikunja taratibu, na uso ninaouona ni wangu, umezeeka, wanja umechuruzika hadi mashavuni. Taa zilizozimika zinawaka moja moja. Je, naingia? namuuliza. Sikusema unaingia, anasema. Ninachosema ni kwamba sasa nakuona.

Toa pumzi, inasema sauti.

Naitoa, nakohoa hadi machozi, kitanda kinanirudisha nyuma, Mwajabu ananifunga kanga vizuri na kuniongoza chumba cha pili. Daktari Semboja amevaa vazi jeupe na barakoa imemfunika hadi chini ya macho. Shikamoo mama, anasema. Marahaba. Unaendeleaje na hali? Ngoma inapigwa kifuani. Njema, nasema, ila. Anaweka kalamu mezani. Namweleza yote, kichwa, sinia, ngazi, na Mwajabu nyuma yangu anaivuta kanga yangu, mama, mama jamani! Daktari anasikiliza hadi mwisho. Ahsante mama, anasema, nisingejua haya ningekutia hatarini. Tutapiga kwanza picha ya kichwa. Tukikuta kitu tutakitibu, kikitulia ndipo tutazungumza tena habari ya utafiti, lakini siwezi kukuahidi. Mlango haujafungwa? namuuliza. Haujafungwa, anasema, na sauti yake naijua, nimekwisha kuisikia mahali.

Tunatoka. Korido ni nyeupe, ndefu, na mbele yetu inagawanyika mbili, na naapa sakafu inavimba na kunywea chini ya makubadhi yangu. Mwajabu ananishika mkono. Naye amevaa barakoa, simwoni uso. Hujambo mwanangu? namuuliza. Sijambo mama, anasema upesi. Nami nasimama pale njiapanda, nangoja, kama nilivyongojwa.

Ila naogopa, mama, anasema, anavua barakoa, nami namwona.