Mikono ya Sista Ramlah

Sista Ramlah alikuwa na kijiba cha roho, na tusimfichie. Kilimwanza Januari 1996, siku habari ilipofika kutoka Mbale kwamba nafasi ya kusomea ualimu wa uuguzi amepewa Margret. Margret! Msichana ambaye Ramlah mwenyewe alimpokea wodini Jinja akiwa hajui hata kushika kibano. Miaka kumi na sita Ramlah alikuwa ameisimamia wodi ile ya upasuaji, wanafunzi waliopita mikononi mwake hawahesabiki, na hakuna aliyewahi kumwita mwalimu.

Sasa ilikuwa Oktoba, na Margret alikuwa amerudishwa wodi ile ile kufanya mazoezi ya kufundisha. Kila asubuhi Ramlah alitembea kutoka Walukuba, akafika viatu vimejaa vumbi, akamkuta mwenzake ameshashuka kwenye boda ya baiskeli kutoka Nalufenya, sare imenyooka kwa pasi, daftari kwapani. "Habari ya asubuhi, sista," Margret alimsalimu, tena kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomchoma Ramlah. Laiti angekuwa na maringo, angalau angepata la kusema.

Siku ya mtihani wa Margret ikawadia. Bwana Mafabi, mkufunzi wa Mbale, angekuja kumtazama akimfundisha mwanafunzi mmoja kusafisha kidonda, na nusu ya alama ingetolewa na msimamizi wa wodi, yaani Ramlah. Lakini Mafabi huyo huyo ndiye angependekeza nani aende Mbale mwaka ujao, na Ramlah alikuwa ameomba. Alikuwa na miaka arobaini na nne. Walikuwa hawapokei mtu aliyepita arobaini na tano. Ikimponyoka hii, basi tena.

Kuchagua mwanafunzi ilikuwa kazi ya Ramlah. Akamchagua Racheal, wala hakufikiri mara mbili. Racheal mikono ilimtetemeka kila alipoona kidonda, na mara mbili Ramlah alikuwa amemnyang'anya vyombo na kumtoa wodini analia. "Haya, tumwone huyo mwalimu," alijisemea, akafurahi, na furaha yenyewe ilikuwa chafu.

Mgonjwa alikuwa Mzee Ojok, askari jela mstaafu aliyeungua mguu kwa maji ya moto. Margret alimweleza Racheal maneno mawili matatu, akarudi nyuma hatua moja, akanyamaza. Mafabi alikaa pembeni na kalamu yake. Racheal akanawa, akailowanisha bandeji, akaibandua taratibu. Akashika pamba kwa kibano. Mkono ukaanza kutetemeka, na ncha ya kibano ikagusa shuka.

Kibano kilichogusa shuka hakirudi kwenye kidonda. Hilo hata mfagiaji wa wodi analijua. Racheal akaganda. Margret hakusema kitu. Ramlah akangoja aibu aliyoipika mwenyewe. Sekunde moja, mbili, tatu. Mungu wangu, huyu anangoja nini? Kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshafika kitandani, amemsukuma Racheal kwa bega, amekitupa kile kibano kwenye beseni na kunyakua kingine.

"Afande sista, ngoja!" Mzee Ojok akauvuta mguu wake. "Wacha mutoto amalize. Yeye alikuwa naenda kuchukua ingine. Mimi naona mukono yake."

"Na wewe hujanawa, sista," alisema Mafabi kwa upole. "Rudi ulipokuwa."

Ramlah akarudi. Racheal akanawa upya, akachukua kibano safi, akaendelea. Mikono ilitetemeka mpaka mwisho, lakini alifika mwisho, na Mzee Ojok hakulalamika hata mara moja.

Baadaye Mafabi alimkabidhi Ramlah karatasi ya alama. "Nilikuwa nawatazama wawili leo," alisema. "Nisamehe. Sitaweza kukupendekeza."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Ramlah, na angeweza kuandika lolote. Akaandika kwamba Margret amefaulu vizuri, kwa sababu aliona kwa macho yake na uongo wa kazi hakuuzoea. Wivu haukupungua hata chembe. Ulizidi.

Margret alimfuata kwenye chumba cha vyombo. "Sista, usinichukie. Kila kitu nimejifunza kwako."

"Usinidanganye!" Ramlah alikuwa anapanga vibano kwenye sinia, vikilia kwa nguvu. "Mimi sikukufundisha. Nilikufanyia tu."

Margret akatazama chini. Alikuwa msichana mkweli, na ukweli wake haukujua kuchagua siku.

"Nilijifunza ukienda kunywa chai, sista," alisema. "Wote tulikuwa tunangoja uende chai."