Nyama ya Kumvisha Wangila

Eliakim alimwona fahali wake nyuma ya wavu, katika yadi ya Kagwe mjini Kitale, akicheua bila habari. Alimlea tangu ndama kwa ajili ya Wangila, mwana wa dadake Nasambu. Kesho mpwa angefika kwake Mabanga na njuga zake, mjomba amchinjie fahali, amkatie ule ukanda mrefu wa nyama ya kifua, luliki, na kumvisha shingoni ndipo akatahiriwe. Mjomba asiyefanya hivyo ni mjomba wa jina tu.

Mwezi wa sita Kagwe, mnunuzi wa ng'ombe wa kupeleka nchi za Ghuba, alikuwa amekuja na maneno matamu. Nyama ikizidi kwetu inaenda kwao, alisema, ikipungua kwetu inaletwa kutoka kwingine; soko linajisawazisha lenyewe. Eliakim akauza, akijua Agosti atanunua mwingine. Kumbe wajomba wote wa Bungoma walipiga hesabu hiyo hiyo! Sasa alikuwa amezunguka hadi Kachibora, na sokoni hakukuta ila mbuzi na samadi.

"Nirudishie huyo. Taja bei."

"Mzee, huyo ashapimwa na daktari, ashawekwa hereni ya sikio. Ni wa ng'ambo tayari."

"Si namuona hapa, bana."

"Unamuona, lakini hayuko." Kagwe akatoa katoni ya nyama kwenye friji. "Hii imetoka nje. Chukua bure. Si nilikuambia ikipungua inaletwa?"

Eliakim alitamani kumpiga nayo usoni. Akaibeba, maana mkono mtupu haulambwi.

Kesho yake njuga zikalia langoni. Nasambu, aliyefuatana na waimbaji kutoka Kabuchai, alitazama uani asione damu wala ngozi. Aliona katoni ikivuja maji. Akaifungua mbele ya watu wote: vipande vidogo vidogo, vimekatwa sawasawa na mashine.

"Haya, ndugu yangu," alisema. "Nitafutie humo kipande cha kuzunguka shingo ya mtoto."

Nyimbo zikakatika. Wangila, aliyefunzwa kumtii mjomba, akainamisha kichwa akangoja kuvishwa.

Eliakim alichutama, akapekua barafu mpaka vidole vikafa ganzi. Alimlaani Kagwe, akalilaani soko lake, akajilaani mwenyewe. Alifika chini kabisa ndani ya katoni bila kukipata. Wangila alikuwa bado ameinama.