Mtori wa Wifi Elizabeth

Kikombe cha bati kiligonga sakafu, kikabingirika, kikanyamaza. Salvina akafumbua macho gizani. Mumewe Wenseslaus huamka kabla jogoo hajawika, kwenda kukamua ng'ombe, lakini hakuwahi kuangusha kitu bila kunung'unika.

"Meku?" aliita. "Mzee wangu, kuna nini?"

Sauti iliyomjibu hakuijua. Alipowasha kibatari alimwona ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia.

Jirani yao Filemon hakuuliza mara mbili. Aliteremsha magunia ya kahawa kutoka kwenye pikapu yake, akatandika majani makavu ya migomba, wakaondoka Mwika. Njia nzima mpaka Moshi Salvina alikipakata kichwa cha mumewe, akiogopa kuangalia kama anapumua, akiogopa zaidi kutoangalia.

Hospitalini waliambiwa ni kiharusi. Muuguzi mmoja, Stella, alifunga utepe mwekundu kwenye kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Atapona?"

"Sijui, mama, sitakudanganya. Mimi nasimamia mradi wa kuboresha matunzo ya wagonjwa wa kiharusi, na utepe huu ndio mwanzo wake. Asipewe chochote mdomoni mpaka tumpime kama anaweza kumeza. Koo limelegea, chakula kitaingia mapafuni."

Kisha akamletea Salvina kiti bila kuombwa, akakiweka upande ule ambao mzee angeweza kumwona mkewe.

Mchana akaja wifi yake, Elizabeth, na mtori, supu ya ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai.

"Kaka yangu ana njaa, nawe umekaa unamtazama tu!"

"Wifi, wamekataza."

"Wamekataza! Tangu lini kwetu mgonjwa akaachwa afe njaa? Au umeshamchoka, unatafuta kijana?"

Watu wa kitanda cha pili wakacheka. Salvina hakucheka. Huko kwao mtori aliopika dada wa mtu haukataliwi. Kuukataa ni kama kusema umetiwa sumu. Akizuia, anamtukana wifi mbele za watu. Akinyamaza, je? Akiwa bado anawaza, kijiko kilishafika mdomoni.

Wenseslaus alikohoa. Kisha hakukohoa tena. Macho yakamtoka.

"Jamani, anakufa!" Salvina akapiga kelele.

Stella alikuja mbio, akamgeuza ubavu, akamsafisha kinywa, akaagiza mashine ya kunyonya uchafu kooni. Pumzi ikarudi, ikikwaruza.

Elizabeth alikuwa ameketi sakafuni. "Nimemuua kaka yangu."

Salvina alijua sasa wifi yake atafokewa. Stella alichuchumaa kando ya Elizabeth.

"Hujamuua, mama. Mpango wangu ndio ulikuwa na tundu. Niliwafundisha wauguzi wote maana ya utepe, nikawasahau ninyi mnaobeba mtori." Akamtia mkononi kitambaa chenye majimaji. "Kuanzia leo kila ndugu tutamfundisha, tena tutampa kazi. Wewe mloweshe midomo, hivi, kidogo tu. Mikono iliyokuja kulisha haiwezi kukaa bure."

Homa ilipanda. Kifua cha mzee kilikoroma, na wanawake wawili walishinda pale, mmoja akilowesha midomo, mwingine akimgeuza. Kila ukoromaji uliponyamaza, walitazamana.

Asubuhi moja ukoromaji ulipungua. Stella akaja na maji na kijiko. Akamkalisha mzee wima, akampa tone. Akameza.

"Sema aaa, babu."

Sauti ilitoka kavu, bila mlio wa maji yaliyokwama kooni. Akampa tena, akasikiliza tena, ndipo akafungua utepe.

"Sasa mtori, mzito, usiwe wa kutiririka. Kijiko kidogo kidogo."

Elizabeth alirudi nyuma. "Mpe wewe, wifi. Mimi naogopa."

"Hata mimi naogopa," Salvina akasema, lakini akachota. Koo la mzee lilipanda, likashuka. Hakukohoa.

Mlangoni waliingia wageni wengine na chupa yao ya chai. Stella akageuka kuwafuata. Elizabeth akamshika mkono wa gauni.

"Mwanangu, homa haijaisha. Pita tena mchana. Hata ukisimama hapo mlangoni tu, wewe pita."