Mashimo Tisa Mbele

Mwenye shamba alituonya mara moja tu: kijitabu kipya cha viwanja vya gofu vya kutembelewa huku vijijini kikitoka bila uwanja wetu, atang'oa bendera zote alime mahindi. Baba mkwe, mtunza uwanja tangu mume wangu hajaota meno, alichukua mashine akaenda kukata majani yaliyokwishakatwa.

Uwanja wetu ni mzuri, sisemi kwa kujipendelea. Unapanda kilima, unashuka bondeni, unavuka kijito kwa daraja la mbao linalolalamika ukilikanyaga. Pale mashine isipofika, maksai wa jirani hutusaidia bila kuombwa. Kasoro yake ni kujificha. Mtu anaweza kupita njia panda miaka yote asijue.

Basi siku ya kuja mwandishi wa kijitabu, kazi ya kuandika kibao cha kuelekeza wageni nikapewa mimi, kwa kuwa nasoma masomo ya jioni na mwalimu husema mwandiko wangu una adabu. Uwanja una mashimo tisa ya kutumbukizia mpira, si kumi na manane kama ya wakubwa, nami sikutaka kumdanganya mtu. Mtoto mgongoni, brashi mkononi, nikaandika kwa rangi nyekundu: MASHIMO TISA MBELE. Nikakisimika njia panda, nikarudi nikiringa.

Tukangoja. Gari likaja na vumbi lake, likasimama njia panda, likageuka. Likaja jingine, nalo likageuka. Baba mkwe akasema labda wamesahau kitu nyumbani. Mama mkwe akauliza nimeandika nini hasa. Nilipomwambia, aliketi juu ya ndoo akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu," akasema, "umewaambia watu barabara imeoza."

Nilitamani ardhi inimeze, na mashimo ya gofu yalikuwepo, ila madogo.

Nikatoka mbio kwenda kukifuta kibao. Getini nikakutana na mwanamume anakuja kwa miguu, mfuko wa fimbo begani, kola imelowa jasho. Nikamwamkia. Akaitikia kwa pumzi za mwisho, akasema ndiye mwandishi, gari ameliacha njia panda maana hana tairi za kuchezea, na njia nzima hajaona shimo hata moja.

Baba mkwe alimpa maji, akamwomba radhi kwa niaba ya elimu yangu. Mgeni akanuna. Alicheza amenuna hivyo hivyo, nami nikiwafuata nyuma, mpaka shimo la sita, ambako maksai mmoja alikuwa amejilaza, bendera imemwegemea ubavuni. Akauliza sheria inasemaje. Baba mkwe akajibu kwamba sheria haijui, ila yeye hamwamshi mtu wa umri ule.

Wakakaa majanini kumngoja. Bonde lote lilikuwa chini yao, upepo ukipapasa nyasi kama mkono unaomlaza mtoto. Mgeni akavua viatu. Mara nikaona mabega yake yanatikisika. Anacheka.

"Mzee," akasema, "uwanja huu nitauandika."

Baba mkwe akageuza uso, akajifanya anakagua kwato za maksai. Kisha akauliza, taratibu, kama ataandika pia kwamba barabara ni nzuri.

"Nitaandika waje kwa miguu."

Maksai akainuka kwa hiari yake. Mgeni, pekupeku, akapiga mpira akakosa shimo. Baba mkwe akamrudishia, akamwambia apige tena tu, mahali hapa hakuna anayehesabu.