Wino wa Kijani

Wamucii hakwenda kusomea sheria kwa ajili ya joho, wala kwa ajili ya kuitwa wakili mbele ya watu. Alikwenda kwa sababu ya shamba. Ekari mbili na nusu kule Loresho, pembeni mwa Nairobi, upande wa mtoni, ambazo mtu mmoja aitwaye Dedan Muriu alizichukua kwa hati ambayo baba yake, Waithaka, aliapa kwamba hakuitia sahihi. Walifurushwa Wamucii akiwa kidato cha kwanza. Tangu hapo Waithaka alikuwa akikata nyua za miti za watu Muthangari na kulala chumba kimoja Kangemi, na ukimgusa kidogo tu hakukosa neno lake: "Mimi sikuandika. Mungu ni shahidi, sikuandika."

Mtoto akilishwa neno hilo kila Jumapili miaka nenda miaka rudi, asisomee sheria asomee nini? Akajifunga kibwebwe. Mwaka wa 2001 barua ya chuo ikaja, na Waithaka akaigeuza na kuigeuza mkononi, juu chini, chini juu, akacheka mpaka machozi.

"Mama, sasa Dedan ajipange," akasema. Alimwita hivyo kwa kuwa Wamucii ndiye binti wake wa kwanza, na kwa desturi ya Wakikuyu alikuwa amepewa jina la mama yake Waithaka.

Nyumbani kwao kulikuwa na desturi nyingine, ila hiyo hakuna aliyeihesabu kuwa desturi. Waithaka hakujua kuandika, na jambo hilo alilionea haya kuliko umaskini. Wenzake wa rika lake walipaka kidole gumba wino wakabandika, yakaisha. Yeye alikataa katakata. Kidole, alisema, ni cha wafungwa. Kwa hiyo tangu Wamucii alipojua kuunganisha herufi, ndiye aliyemwandikia jina. Risiti za maziwa za chama cha ushirika, kadi ya kanisa, hata ripoti za shule za Wamucii mwenyewe, "sahihi ya mzazi", aliandika yeye. Ukitaka kucheka, anza kwenu, maana sijui nyumba ngapi Kenya hii hazijafanya hivyo. Hata fomu ya mkopo wa masomo, ambayo kila mwaka ilidai sahihi ya mzazi, Wamucii aliijaza akiwa ameketi kitandani bwenini, mwanafunzi wa sheria mzima, wala hakupepesa jicho.

Na alisoma, msichana huyu. Mwaka wa pili alikuwa miongoni mwa watatu wa mbele. Ndipo Bi. Philister, mwalimu wao wa sheria ya ardhi, alipotangaza mashindano ya mahakama ya mazoezi. Wanafunzi wangekwenda wawili wawili, kila jozi ichukue kesi ya kweli iliyokwisha kuamuliwa na kuitetea upya kama rufaa, mbele yake na mawakili wawili kutoka mjini. Vikaratasi vikatiwa kwenye kikapu. Mwenzake Wamucii alikuwa Nayan, kijana mchangamfu ambaye baba yake aliuza vitambaa Biashara Street. Nayan akachomoa kikaratasi na kusoma kwa sauti.

"Waithaka Kihara dhidi ya Dedan Muriu. Sisi tuko upande wa Dedan."

Wamucii alihisi sakafu imeondolewa. Darasani alijulikana kama Janice Wamucii, hakuna aliyemjua babake, na akina Waithaka Nairobi ni wengi kama mchanga. Akaandika jina la kesi daftarini. Nayan alidhani amefurahi.

Nakala ya hukumu waliipata mjini, kwenye kibanda cha fotokopi karibu na mahakama. Nayan akaenda kutafuta soda. Wamucii akabaki amesimama hapo mlangoni, wachuuzi wakimpita na soksi na betri, akasoma hukumu ambayo kwao haikuwahi kuonekana, kwa kuwa wakili wao alihama ofisi pamoja na faili.

Alitarajia kuona jinsi Dedan alivyoghushi. Badala yake akaona baba yake kizimbani. Waithaka alikuwa amesema, kama alivyosema siku zote, kwamba hakuandika. Wakili wa Dedan akamwonyesha risiti za maziwa. Hizi sahihi ni za nani? Zangu, akajibu. Uliandika wewe mwenyewe? Mimi mwenyewe. Jaji akalinganisha: herufi W ile ile, yenye mkia uliopinda chini ya jina zima. Mdai, jaji akaandika, amejithibitisha kuwa mwongo kwa kinywa chake. Na ukurasa wa tisa ukaongeza jambo ambalo Wamucii alilisoma mara tatu: sahihi iliyo kwenye hati ya kuhamisha shamba imeandikwa kwa wino wa kijani.

Karatasi zikamtoka mkononi zikatawanyika kwenye lami.

Alikuwa darasa la nne. Dedan, jirani yao na mzee wa kanisa, alikuja na pikapu yake na karatasi za bomba la maji. Mtaa mzima ungepata maji, alisema, inatakiwa sahihi tu. Baba alikuwa kwenye kigoda akinoa panga. Bila kuinua kichwa akasema, "Mama, niandikie hapo." Na Dedan akatoa kalamu ya rangi nne, zile za kubonyeza, akamwambia achague rangi aipendayo. Wamucii akabonyeza kijani. Akaandika kwa madaha, akauvuta ule mkia wa W mpaka mwisho, na Dedan akamwachia kalamu iwe yake. Aliitunza mpaka darasa la nane.

"Janice, uko sawa?" Nayan alikuwa amerudi, anaokota karatasi. Akasoma kidogo, akapiga mluzi. "Ai, hii ni rahisi! Mzee alidanganya, tumemaliza. Mbona unalia sasa?"

"Vumbi," Wamucii akasema.

Jumamosi akaenda Muthangari. Alimkuta baba yake nje ya lango la mwajiri wake, makasi makubwa mkononi, ua umekatwa nusu. Hakumsalimia vizuri hata.

"Baba, ile karatasi ya bomba la maji."

Makasi yakasimama. Waithaka akatazama barabara huku na huku, kama mtu aliyeitwa na polisi.

"Nani alikuambia?"

"Nimesoma kesi yako. Tunafundishwa nayo, Baba. Darasani."

Mzee akaketi ukingoni mwa mtaro. Akaanza kuchomoa majani yaliyokwama kwenye makasi.

"Mimi nilijua siku ile kortini," akasema. "Yule wakili aliinua karatasi, nikaona kijani. Nikajua hiyo ni kalamu yako."

"Na hukusema!"

"Niseme nini? Huyo wakili alikuwa amesema hapo nje kwa mlango, na mimi nikisikia, mtu akiandika jina ya mtu mwingine anafungwa. Sasa nisimame niseme ni mtoto wangu ameandika? Wewe ulikuwa umepata shule ya sekondari. Wangekutoa huko wakupeleke wapi?"

"Nilikuwa na miaka kumi nikiandika! Hakuna mtu angenifunga!"

"Hiyo unajua wewe. Mimi nani angeniambia?" Akaongeza polepole, maana Waithaka hakuwa mtu wa kujipaka asali: "Na pia niliona haya, mama. Watu wa kanisa walikuwa wamejaa huko nyuma. Niwaambie hata jina langu sijui?"

Wamucii alitaka kupiga kelele. Hasira ilimpanda na huruma ikaishika mkono, akakosa la kufanya. Kwa sababu alijua jambo ambalo baba yake hakulijua, na hilo ndilo lililomkata maini. Sheria ina mlango wake kwa mtu asiyejua kusoma, aliyeambiwa karatasi ni ya maji kumbe ni ya shamba. Mtu wa namna hiyo husikilizwa. Hati ya namna hiyo yaweza kufutwa. Ukweli ule ule ambao Waithaka aliumeza ili kumlinda binti yake ndio ungeliokoa shamba, na binti asingeguswa hata unywele. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Na sasa notisi ya rufaa, ambayo ilipewa siku kumi na nne, ilikuwa imepitwa na miaka saba.

"Kwa hiyo Dedan hakuandika," akasema kwa uchungu. "Hii miaka yote."

"Dedan ni mwizi," Waithaka akasema. "Na mimi sikuandika. Hapo nimedanganya wapi?"

Wamucii akacheka, hakujua kicheko kimetoka wapi, kisha akalia pale pale mtaroni, na walinzi wa malango ya jirani wakajifanya hawaoni.

Jumatatu akasimama kwenye mahakama ya mazoezi. Angeweza kujitoa; alifika hadi mlangoni kwa Bi. Philister akarudi. Kama ni kuiangusha kesi ya baba yake mara ya pili, aliona ni heri aiangushe mtu aijuaye. Akatetea upande wa Dedan kwa nusu saa bila kutazama karatasi. Alieleza jinsi shahidi alivyokiri risiti, jinsi mkono ulivyo mmoja, jinsi mahakama ya rufaa isivyoweza kuandika upya ushahidi ambao mdai mwenyewe aliutoa. Alijishangaa. Kila sentensi ilikuwa sahihi na kila sentensi ilimchoma, na Nayan kando yake alikuwa akitikisa kichwa kwa raha.

Mmoja wa wale mawakili wawili, mzee mwenye miwani, akaegemea mbele.

"Vizuri sana. Sasa niambie, ungekuwa upande wa pili, ungemwokoaje huyu mzee?"

Wamucii akaifunga nakala ya hukumu.

"Ningemuuliza swali moja, Mheshimiwa. Wakili wake hakumuuliza, wakili wa Dedan hakumuuliza, na Jaji pia hakumuuliza. Kurasa kumi na nne, hakuna."

"Swali gani?"

"Mzee, unajua kuandika?"

Yule mzee akavua miwani, akaanza kufunua nakala yake, ukurasa baada ya ukurasa. Bi. Philister, aliyekuwa ameifundisha kesi hiyo tangu ilipotoka, naye akafunua yake. Wakafika mwisho wakatazamana. Nayan akamgeukia Wamucii mdomo wazi, na ukaona ameunganisha mambo: mzee asiyejua kuandika, machozi ya Wamucii, vumbi la kibanda cha fotokopi. Akamsogezea gilasi ya maji.

Walipewa nafasi ya kwanza. Bi. Philister alisema hajasikia mwanafunzi wa mwaka wa pili akisema hivyo, na Wamucii akashukuru, akatoka nje kabla ya pongezi kwisha.

Wiki iliyofuata fomu ya mkopo ilikuja tena. Sahihi ya mzazi. Kalamu ilikuwa tayari mkononi, mkia wa W tayari kwenye vidole, ndipo akashtuka kama aliyeungua. Akaiacha wazi. Jioni akanunua kidau cha wino, akapanda mpaka Kangemi.

Waithaka alipokiona kile kidau uso ukamkunjamana. "Hapana. Mimi si mfungwa."

"Baba."

"Si uandike tu, mama, kama siku zote?"

"Baba, tafadhali."

Akamtazama binti yake. Kisha akautoa mkono, na Wamucii akakipaka kidole gumba wino, akakiongoza mpaka kwenye mstari, akabonyeza. Walipokiinua, wote wawili wakainama kutazama. Makasi ya Muthangari yalikuwa yamekilamba kidole kile. Hakikuwa na mstari hata mmoja wa ngozi. Lilibaki doa jeusi tupu.

"Unaona?" Waithaka akasema, aibu ikimrudia. "Hata kidole haijui jina langu. Watakataa. Andika wewe."

Wamucii akachukua kalamu. Chini ya doa akaandika, taratibu, herufi kubwa: *Alama ya Waithaka Kihara, asiyejua kuandika. Amesomewa fomu hii yote akaielewa. Mbele yangu.* Kisha akamsomea fomu yote, tangu mstari wa kwanza, na Waithaka akauliza maswali mawili, akajibiwa. Hapo ndipo Wamucii alipotia sahihi.

Mzee akaivuta karatasi karibu na taa. Herufi hakuzijua, lakini mkia wa W alioutazama miaka kumi na mitatu aliujua, na safari hii herufi zilizoifuata W hazikuwa zile za siku zote.

"Hii si yangu," akasema. "Umeandika nini hapa?"

"Jina langu, Baba."