Bega Kwenye Kioo

...hapo, bega limepanda, bonyeza kitufe, amebonyeza, mlio wenyewe hakuusikia lakini bega kaliona, kupitia kioo cha kibanda hiki chenye kuta za sponji, mpimaji wa masikio kakaa huko nje kampa mgongo ili fundi asione mikono yake ikigusa mtambo, binti wa watu, hajui kwamba kila akigusa bega lake la kulia linanyanyuka kidogo, "ukisikia mlio, baba, hata uwe mdogo namna gani, bonyeza," alimwambia hivyo kabla ya kumvika hedifoni na kumfungia mlango, au fundi anadhani alimwambia hivyo, nusu aliisoma midomoni, nusu alijijazia mwenyewe kama anavyojijazia kila kitu siku hizi, mpaka mama watoto anasema, mume wangu, wewe unajibu maswali ambayo sijauliza, na mezani wakacheka wote, naye akacheka, huku anaogopa... bega, bonyeza. Sikio, ndivyo wanavyomwita kazini, mafundi lifti wote wanalijua jina hilo na alilipata kwa halali, enzi zile akisimama chini mlangoni anakuambia roda, kigurudumu cha mlango wa ghorofa ya nne, imelegea, watu wanapanda wanaikuta imelegea kweli, na leo Sikio huyohuyo anaiba majibu begani kwa mtoto wa watu, aibu iliyoje, lakini afanyeje, msimamizi kasema wazi, asiye na cheti cha masikio hapandi tena chumba cha mashine, atapewa ufagio akafagie stoo, yeye, na umri huu... hedifoni zinabana, zinanuka dawa, mara ya kwanza kubanwa masikio hivi alikuwa kijana, kaka yake alimvalisha zile za sponji ya rangi ya chungwa, redio ya kaseti ya kuning'iniza kiunoni, sikiliza, mdogo wangu, dunia imeingia mfukoni, na kaseti ile ilikuwa na adabu zake, upande ukiisha inakata, tap, unaitoa unaigeuza, hapo katikati masikio yanapata kupumua, betri nazo zikichoka mwimbaji anaanza kukokota maneno kama mlevi, unazima, unalala. Ikaja ya sahani za CD, ukijikwaa tu wimbo unaruka, akaivumilia, halafu kaka akaja na kidude kisicho na kaseti wala sahani, hakuna kinachozunguka ndani, walikitikisa kwa nguvu na wimbo haukushtuka, nyimbo zimegeuzwa namba, kaka akasema, namba haziruki, wakabaki wanakigeuzageuza kama watoto, kilibeba nyimbo chache mno, hazijai hata kaseti moja, ukitaka nyingine unafuta hizo unajaza upya kwa waya wa kompyuta, kisha kikaja kizito kama mche wa sabuni, chenye diski ndogo ndani, ukikiweka shavuni unaisikia ikizunguka, wakati huo alikuwa bado anasikia vitu kama hivyo, nyimbo maelfu, kisha kile cha kuzungusha kwa dole gumba, kisha kile cha kubana kwenye kola, kila kikija ni chepesi kuliko kilichotangulia, kinabeba zaidi, betri inadumu zaidi, mpaka simu ikavimeza vyote, na wao wakashangilia kila kilichoongezwa wasione kilichokuwa kinapunguzwa, kile kimya cha katikati, tap, unaigeuza... hakuna tena upande wa kuisha, naye yuko juu chumba cha mashine mchana kutwa, mota zinanguruma, anaongeza sauti izizidi mota, mota za jengo jipya zina kelele zaidi, anaongeza tena, na jioni akizivua spika masikioni anabaki na mluzi kichwani, mwembamba, akidhani utaondoka na usingizi, na kweli zamani ulikuwa unaondoka.

Sasa hauondoki, upo hapa naye kibandani, huenda mlio wa mpimaji unapita ndani yake kama mtu aliyevaa nguo nyeupe mbele ya ukuta mweupe... bega, bonyeza, atafaulu, atarudi kazini na karatasi yake, nani atajua, juzi wala hawakujua, juzi kwenye lile jengo refu la ofisi aliweka ncha ya bisibisi kwenye kasha la beringi na mpini sikioni, kama alivyofundishwa, akasikiliza, "kimya," akamwambia mwenzake wa zamu, "beringi safi, funga," na mwenzake akasita na kifuniko mkononi, akamtazama, "kama Sikio umesema safi, mimi ni nani," akafunga, neno hilo fundi alilichukua kama sifa, akashuka nalo ngazi zote kifua mbele, lakini uso ule, ngoja, uso ule haukuwa wa kusifu, ulikuwa uso wa mtu anayesikia kitu na kuambiwa hakipo, na bisibisi ilikuwa inatetemeka, kiganja kilimwasha mpaka jioni, kasha lilikuwa na moto, na kimya... beringi nzima haikai kimya, Mungu wangu, beringi nzima huvuma, taratibu, kama mtu aliyelala, ndilo somo la kwanza alilopewa kabla hata ya kushika spana, beringi nzima utaisikia na mbovu utaisikia, ya kimya haipo, haijapata kuwepo, kwa hiyo kile alichokisikia juzi hakikuwa beringi, kilikuwa masikio yake, na ile inasagika hivi sasa mashine ikizunguka, ikimalizika unafuata mhimili, na mhimili ukikatika breki ya mota inabaki imeshika hewa, lifti haina wa kuizuia, labda zile breki za dharura zitauma, labda, zilikaguliwa na nani, zilikaguliwa na yeye. Na bintiye yuko ghorofa ya juu kabisa ya jengo hilo, kaanza kazi juzijuzi, asubuhi alisimama mlangoni na mkoba begani akamwambia baba yake kitu, midomo ilikwenda, fundi akajibu haya, haya mwanangu, hajui aliitikia nini. Ainuke, aseme, waizime lifti, ufagio ni ufagio tu, lakini mlango kafungiwa, mpimaji kampa mgongo, sauti yake mwenyewe ndani ya hedifoni haisikii hata yeye, anaita, anadhani anaita, sponji inameza, kilichopo mkononi ni kitufe hiki tu, anabonyeza, si kwamba kaliona bega, anabonyeza kumwita, geuka, mwanangu, geuka, na mpimaji anageuka, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, karidhika kama mwalimu aliyepata jibu la swali gumu kuliko yote, anaandika, anamnyanyulia dole gumba kupitia kioo, anampa mgongo tena, na bega linapanda.